Moshi, Mahindi na Mapaa ya Zamani: Njia za Kupunguza Sumu za Saratani Nyumbani

Zaidi ya Wakenya 44,000 waligunduliwa kuwa na saratani mwaka 2022, na zaidi ya 29,000 wakafariki kutokana na ugonjwa huo. Hayo ni makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, linalojulikana kwa kifupi kama IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, WHO. Saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio, yaani njia ya chakula, ni miongoni mwa zinazoongoza nchini.

WHO inasema kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa. Sehemu ya kinga hiyo hupatikana katika kituo cha afya, kwa mfano chanjo ya HPV ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, na uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa akina mama. Sehemu nyingine iko mikononi mwa kila familia: jikoni, ghalani, shambani na hata juu ya paa.

Makala haya yanaeleza sumu ambazo mkazi wa Kaunti ya Nakuru ana uwezekano mkubwa wa kukutana nazo nyumbani, jinsi zinavyodhuru mwili, na hatua ambazo familia inaweza kuchukua bila gharama kubwa.

MAANA YA "KISABABISHI CHA SARATANI"

IARC hupanga vitu katika makundi kulingana na nguvu ya ushahidi. Kundi la 1 ni vitu ambavyo imethibitishwa kuwa vinaweza kusababisha saratani kwa binadamu. Sumukuvu ya mahindi, moshi wa sigara, pombe na asbestosi zimo humo. Kundi la 2A ni vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha saratani, lakini ushahidi haujakamilika. Kundi la 2B ni vile ambavyo uwezekano upo, ila ushahidi ni mchache zaidi. Kundi la 3 ni vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuamua upande wowote.

Ni muhimu kuelewa kuwa makundi haya hayapimi ukubwa wa hatari. Vitu viwili vinaweza kuwa katika Kundi la 1, huku kimoja kikiwa hatari mara nyingi kuliko kingine. Kinachoamua ni kiasi unachokutana nacho, ni mara ngapi, na kwa miaka mingapi. Mtu aliyepita mara moja karibu na moto wa taka hana sababu ya kukosa usingizi. Mama anayepika kwa kuni saa nne kila siku, katika jikoni lisilo na dirisha, kwa miaka 30, yuko katika hali tofauti kabisa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni sumu gani inaingia mwilini mwetu kila siku, na tunawezaje kuipunguza?

MAHINDI YENYE UKUNGU

Katika nyumba nyingi za Nakuru, mahindi huliwa kila siku, yakiwa ugali, githeri au uji wa watoto. Ndiyo sababu sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, inastahili kutajwa kwanza.

Sumu hii hutengenezwa na aina ya kuvu inayoota kwenye nafaka, njugu na vyakula vya mifugo visivyokaushwa vizuri. Wanasayansi waliitambua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, walipolishwa chakula kilichotengenezwa kwa njugu zenye kuvu. Hapa Kenya, mkasa mkubwa zaidi ulitokea mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni, Kitui na maeneo jirani ya Mashariki. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Vifo vya mwaka 2004 vilitokana na sumu nyingi iliyoliwa kwa muda mfupi. Lakini sumu hiyo hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu chembe za ini na kuchangia saratani ya ini. Hatari huongezeka maradufu na zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Watoto hupata chanjo ya homa hiyo kupitia ratiba ya kawaida ya chanjo, na kadi ya kliniki ya mtoto itaonyesha kama alichanjwa. Watu wazima ambao hawajui hali yao wanaweza kuomba kupimwa.

Kiwango kinachoruhusiwa nchini Kenya ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni. Katika gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu moja ya sumu. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuipima. Aidha, sumukuvu haiharibiwi na moto wa kawaida wa kupikia. Ugali ukiiva vizuri kiasi gani, sumu iliyokuwa kwenye unga inabaki. Kuchachusha mahindi hayo kutengeneza busaa hakuyafanyi kuwa salama.

Wakazi wengi huamini kuwa tatizo hili ni la maeneo yenye joto pekee. Ni kweli kuwa baridi ya Molo, Kuresoi na Mau Narok hupunguza kasi ya kuvu hii. Hata hivyo, mahindi husafiri. Gorogoro linalonunuliwa sokoni Nakuru au Naivasha linaweza kuwa limetoka mbali, na unga wa dukani huchanganya mahindi ya sehemu nyingi. Vilevile, sehemu zenye baridi zina kuvu nyingine inayotoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo IARC imeiweka katika Kundi la 2B.

Mavuno katika maeneo mengi ya kaunti huanza kuelekea mwisho wa mwaka, wakati ambapo mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinanyesha. Hapo ndipo vita dhidi ya sumukuvu hushindwa au hufaulu. Wakulima wanashauriwa:

• Vuna mahindi yanapokomaa. Usiyaache shambani yakilala chini na kulowa.

• Anika kwenye turubai au jukwaa lililoinuka, si juu ya udongo. Kuvu hukaa kwenye udongo na mabaki ya mimea.

• Funika au ingiza ndani kabla ya mvua na kabla ya umande wa usiku.

• Kausha hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini ya hapo. Mashine za kukaushia za Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, hutoa huduma hiyo kwa ada, na vikundi vya wakulima vinaweza kuchangia gharama.

• Hifadhi kwenye magunia yasiyopitisha hewa, au kwenye magunia ya katani yaliyowekwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Magunia ya kawaida ya plastiki hufungia unyevu ndani kama mahindi hayajakauka.

Mkulima asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka, weka mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise vizuri. Baada ya dakika 10 hadi 15, chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Chumvi ikikosa kushika, mahindi yamekaribia, na siku moja au mbili zaidi za jua zitayafikisha mahali salama.

Kwa anayenunua, kuchambua ndiyo kinga kubwa. Sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Mara nyingi punje chache mbovu hubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Kwa hiyo nusu saa ya kuondoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu kabla ya kwenda kwenye kinu cha posho inapunguza sumu kwa kiasi cha maana. Kukoboa mahindi pia husaidia, kwa kuwa sehemu ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, ingawa hakuondoi sumu yote.

Kisha kuna swali gumu: familia ifanyeje na gunia ambalo tayari limeota ukungu? Kwa nyumba iliyotegemea gunia hilo kufika Aprili, kulitupa ni hasara kubwa, na ndiyo maana mahindi hayo mara nyingi huishia kwa ng'ombe, kwa kuku au kwa wagema. Lakini njia hizo zinarudisha sumu mezani. Ng'ombe akila mahindi au chakula chenye sumukuvu, sehemu yake hupita kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na maziwa hayo ndiyo anayopewa mtoto. Kuchemsha maziwa hakuondoi sumu hiyo. Kuku nao hudhoofika na kufa. Mahindi yaliyooza yafukiwe shimoni, mbali na mifugo. Ikiwa ni sehemu tu ya gunia iliyoharibika, mpigie afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kuamua, kwani anaweza kushauri iwapo yaliyobaki yanaweza kuchambuliwa au kupelekwa kupimwa.

MOSHI WA JIKONI

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyumba nchini Kenya hupika kwa kuni. Makaa nayo hutumiwa na nyumba nyingi, hasa mijini. WHO inakadiria kuwa moshi wa nyumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kwamba takriban asilimia 11 ya vifo vya saratani ya mapafu kwa watu wazima vinatokana na moshi wa kuni, makaa, mafuta ya taa na vingine vya aina hiyo. IARC imeuweka moshi wa kuni katika Kundi la 2A.

Moshi una chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, zikiwa zimebeba kemikali zinazoharibu chembe za mwili. Wanaoumia zaidi ni wanaokaa karibu na moto: akina mama, wasichana wanaosaidia kupika, na mtoto aliyebebwa mgongoni. Mbali na saratani, moshi huo huo huleta nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa mapafu na maradhi ya moyo.

Kubadilisha kuni kwa gesi au umeme ndiyo hatua yenye nafuu kubwa zaidi. Si kila nyumba inayoweza kulipia gesi ya mwezi mzima. Hata hivyo, nyumba inayotumia gesi kwa chai ya asubuhi na uji wa mtoto pekee, na kuacha kuni kwa githeri, imepunguza saa za moshi. Kwa wanaotumia kuni au makaa, hatua zifuatazo husaidia:

• Tumia kuni zilizopasuliwa na kukauka. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo.

• Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, na upike sufuria ikiwa imefunikwa. Kila saa inayopungua motoni ni saa moja pungufu ya moshi.

• Tumia jiko lililoboreshwa badala ya mafiga matatu, na liwe na bomba la kutolea moshi nje inapowezekana.

• Fungua dirisha na mlango vinavyoelekeana ili hewa ipite. Kama hali ya hewa inaruhusu, pika nje.

• Waweke watoto wachanga mbali na jikoni moto unapowaka.

• Badilisha koroboi kwa taa ya sola au ya umeme. Mafuta ya taa hutoa masizi mengi kuliko mwanga unaopata.

Jiko la makaa lina hatari nyingine inayowapata wakazi wa sehemu zenye baridi. Makaa yanayowaka bila moshi unaoonekana bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inayoweza kuua familia iliyolala ndani ya saa chache. Jiko lisiingizwe chumba cha kulala, hata kwa dakika chache za kuota moto.

Moshi wa sigara nao ni moshi wa nyumbani. Uko katika Kundi la 1, na si kwa mvutaji peke yake bali pia kwa wanaoishi naye. Kuvuta dirishani au sebuleni watoto wakiwa wamelala hakuwakingi, kwa sababu moshi hubaki ndani kwa saa nyingi. Anayeshindwa kuacha kwa sasa avutie nje, mbali na mlango.

PLASTIKI SI YA KUWASHIA MOTO

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa, vifungashio vya mkate na maziwa, na vipande vya viatu vya raba bado vimejaa. Katika ploti nyingi za mjini, vitu hivyo ndivyo vinavyotumika kuwashia jiko la makaa, au huchomwa pamoja na taka nyuma ya nyumba.

Plastiki inapoungua kwa moto hafifu, hasa ile yenye klorini kama mabomba ya PVC na mipako ya nyaya, hutoa kemikali ziitwazo dioksini. Aina iliyo kali zaidi kati ya hizo iko katika Kundi la 1. Dioksini hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Huangukia pia kwenye nyasi na mboga, na hupita kwenye maziwa na mayai ya mifugo inayochunga karibu na majalala. Washa jiko kwa karatasi, vijiti vikavu au magunzi ya mahindi. Tenganisha plastiki na taka nyingine, uwape wanaokusanya za kuchakatwa tena au kampuni ya taka inayohudumia mtaa wako.

DAWA ZA SHAMBANI NDANI YA NYUMBA

Viazi vya Molo na Kuresoi, mboga za Bahati na Subukia, na maua ya Naivasha vyote hunyunyiziwa dawa. Kemikali hizi hazilingani kwa hatari. Mwaka 2015 IARC ilitathmini kadhaa: lindani, ambayo ni dawa ya wadudu, iliwekwa Kundi la 1, na DDT, glaifosati, malathioni na diazinoni zikawekwa Kundi la 2A. Mamlaka za nchi mbalimbali hazikubaliani kuhusu glaifosati, lakini zinakubaliana juu ya jambo moja: anayepata dozi kubwa ni mnyunyiziaji na familia yake.

Dawa hufika nyumbani kwa njia nne. Ya kwanza ni nguo. Ovaroli na buti zivuliwe nje, na nguo za kunyunyizia zifuliwe peke yake, kwa glavu, si pamoja na nepi au shuka za watoto. Anayefua nguo hizo mara nyingi si aliyenyunyiza, na huwa hajui dawa iliyotumika.

Ya pili ni mitungi na chupa tupu. Mtungi wa dawa hausafishiki kiasi cha kufaa kubebea maji, maziwa au mafuta ya kupikia. Usuuze mara tatu, umwage maji ya kusuuza kwenye bomba la kunyunyizia ili yaishie shambani, kisha utoboe mtungi usitumike tena. Uliza agroveti ulikonunua au afisa wa kilimo mahali pa kuurudisha. Usiuchome.

Ya tatu ni mahali pa kuhifadhi. Dawa ikae kwenye kabati au stoo yenye kufuli, nje ya nyumba, katika chupa yake yenye lebo. Kuhamishia dawa kwenye chupa ya soda kumesababisha watoto kuinywa.

Ya nne ni chakula chenyewe. Kila lebo hutaja siku ambazo lazima zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Sukuma wiki iliyonyunyiziwa Jumatatu na kuuzwa Jumatano ni hatari kwa mnunuzi, na pia kwa mkulima anayechuma mboga za chajio kwenye shamba hilo hilo. Kwa mahindi ya ghalani, tumia tu poda iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu, PCPB, kwa matumizi ya nafaka iliyohifadhiwa, na kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa ya viazi au maua haina nafasi kwenye gunia la chakula. Magunia yasiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa yoyote.

MAPAA YA ASBESTOSI

Nyumba nyingi za zamani, zikiwemo za serikali, za reli, shule na baadhi ya nyumba za kupangisha, ziliezekwa kwa bamba za kijivu zenye mawimbi makubwa zilizotengenezwa kwa saruji na asbestosi. Asbestosi ni madini ya nyuzi ambazo, zikivutwa, hukwama kwenye mapafu na utando wake. Saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, wakati mtu ameshasahau kazi iliyomletea ugonjwa.

Paa zima lisiloguswa hutoa nyuzi chache. Hatari huja linapovunjika, kukatwa, kutobolewa au kusuguliwa kwa brashi. Kwa sababu hiyo:

• Usipande juu ya paa hilo kulisafisha wala kulitoboa kwa misumari ya waya ya televisheni.

• Usitumie vipande vyake kujengea banda la kuku, kuzuia matope mlangoni au kutengenezea kitanda cha maua. Usiviponde kujaza mashimo ya barabara.

• Vipande vilivyoanguka vilowanishwe kwa maji kabla ya kuguswa, na visifagiliwe vikiwa vikavu.

• Usiajiri fundi wa kawaida kuliondoa. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari. Uondoaji na utupaji wake unafanywa na wenye leseni, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Mpangaji ambaye paa lake limepasuka ana haki ya kumtaka mwenye nyumba achukue hatua. Akipuuzwa, apeleke malalamiko kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo au ofisi ya NEMA. Mafundi na vibarua wanaobomoa nyumba za zamani waulize kuhusu paa kabla ya kukubali kazi. Malipo ya siku moja hayafidii mapafu.

CHAI YA MOTO SANA

Saratani ya umio huonekana kwa wingi katika ukanda wa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iliyoko Eldoret zimekuwa zikiwatibu wagonjwa wengi na kushiriki utafiti wa chanzo chake. Matokeo ya utafiti wa Eldoret yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliozoea kunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari kubwa zaidi kuliko waliokunywa vikiwa vimepoa. Mwaka 2016 IARC ilikuwa imeweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 katika Kundi la 2A.

Hapa majani ya chai hayana kosa. Ni joto linalounguza ngozi laini ya koo kila siku hadi chembe zake zinaharibika. Dawa yake ni bure: mimina chai, subiri dakika kadhaa, kisha unywe. Kama kikombe hakishikiki kwa raha, chai haijawa tayari. Pombe na tumbaku, zikiwemo za kutafuna na ugoro, huongeza hatari hiyo hiyo.

NA FLORAIDI JE?

Wakazi wengi huuliza kama maji ya visima yanayobadilisha rangi ya meno husababisha saratani. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huingiza floraidi nyingi kwenye maji ya chini ya ardhi, na visima vingi vya kaunti hii huzidi kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. IARC imeweka floraidi ya maji ya kunywa katika Kundi la 3, yaani ushahidi wa saratani hautoshi.

Hata hivyo, floraidi nyingi hudhuru meno ya watoto, na kwa miaka mingi huumiza mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huikoleza maji yanapopungua. Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imelitumia kwa miaka mingi, huipunguza. Maji ya mvua nayo hayana tatizo hili, mradi yakusanywe kwenye paa safi la mabati.

UANZIE WAPI?

Familia haiwezi kubadilisha kila kitu kwa mwezi mmoja. Hatua zisizogharimu pesa zije kwanza: kuchambua mahindi, kupoza chai, kufungua dirisha la jikoni, kuacha kuwashia jiko kwa plastiki, kuvutia sigara nje na kutoa dawa za shamba ndani ya nyumba. Hatua za gharama ndogo zifuate: turubai la kuanikia, magunia yasiyopitisha hewa, jiko lililoboreshwa, taa ya sola. Gesi, bomba la moshi na uondoaji wa asbestosi ni mipango ya muda mrefu, na mengine yanahitaji chama, mwenye nyumba au serikali kushika mkono.

Pamoja na kinga, wakazi wanahimizwa wasichelewe kutafuta huduma. Ugumu wa kumeza unaoendelea, kikohozi kisichoisha au chenye damu, uvimbe unaokua, macho kuwa ya manjano, kupungua uzito bila sababu, au kutokwa damu kusiko kwa kawaida ni dalili za kupeleka katika kituo cha afya kilicho karibu. Dalili hizi si lazima ziwe saratani, lakini zikiwa ndiyo, mwezi mmoja wa kungoja unaweza kubadilisha matibabu yanayowezekana. Vituo vya kaunti ndogo vitamwelekeza mgonjwa anayehitaji uchunguzi zaidi hadi Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, yenye kitengo cha saratani.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba katika vijiji na mitaa wanaweza kuelekeza familia kuhusu jikoni lenye moshi, chanjo za watoto na mahali pa kupimwa. Kwa masuala ya mahindi na dawa za shambani, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Kwa taka na mapaa ya asbestosi, mwone afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo.